Picha za Masisi na Walikale zisifungwe ndani ya programu

Kitshanga ilichukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2023. Rubaya ikafuata Aprili 30, 2024. Januari 4, 2025 ikawa zamu ya Masisi-Centre, mwishoni mwa mwezi huo Goma, na Machi 19 waasi wakaingia Walikale-Centre, ambako walikaa wiki mbili hivi kabla ya kurudi nyuma. Kila mara njia zilijaa watu waliobeba magodoro kichwani na watoto mgongoni. Kompyuta haina nafasi katika safari ya namna hiyo. Kinachobebeka ni simu, kadi ya memori, au flashi iliyofungwa kwenye pindo la kitenge.

Ndiyo maana swali la programu gani ya kupanga na kusafisha picha iwekwe kwenye mashine ya nyumbani lina uzito wa pekee katika Masisi na Walikale, wilaya mbili za Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo. Kwingineko mnunuzi huuliza ipi ina vichujio vizuri na ipi ina kasi. Huku swali la kwanza ni jingine: mashine ikibaki nyuma, familia itaondoka na nini? Programu inayofaa Masisi na Walikale ni ile inayofanya kazi bila intaneti, isiyodai malipo ya kila mwezi, inayoziacha picha kwenye folda za kawaida, na inayoandika majina, tarehe na mahali ndani ya faili ya picha yenyewe. Mengine yote yapimwe baada ya hayo manne.

Sharti la nne ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo kubwa. Picha ya dijitali ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ile inayoonekana kwenye kioo. Ya pili ni maandishi yaliyomo ndani ya faili bila kuonekana. Simu au kamera huandika humo tarehe, saa, aina ya kifaa na, GPS ikiwa imewashwa, mahali penyewe ilipopigwa. Utaratibu huo, EXIF, ulitolewa Japani mwaka 1995. Mwenye picha naye anaweza kuongeza yake: nani yumo, kijiji gani, tukio gani, nani alipiga. Nafasi za kuandikia hayo zinafuata kanuni za kimataifa zinazoitwa IPTC na XMP, hii ya pili ikiwa imeanzishwa na Adobe mwaka 2001. Programu inayozifuata ikiandika “harusi, Nyabiondo, 2014”, maneno hayo yatasomeka kwenye programu nyingine yoyote inayozifuata, kwenye mashine nyingine, hata miaka mingi baadaye. Programu isiyozifuata huyaandika kwenye hifadhidata yake pembeni. Siku picha inaponakiliwa kwenye flashi, majina yanabaki kwenye kompyuta iliyoachwa nyumbani.

Thamani ya jina lililoandikwa inajulikana vizuri Walikale. Katika miaka ya 1950 mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck alirekodi utenzi wa Mwindo wa Wanyanga, wenyeji wa huko, kutoka kinywani mwa msimulizi She-Karisi Rureke, na mwaka 1969 utenzi huo ukachapishwa na University of California Press, Biebuyck akiwa ameshirikiana na Kahombo Mateene. Jina la msimulizi likaingia kitabuni, na vizazi vilivyofuata vinaweza kumtaja. Picha nyingi za Kongo ya wakati huohuo zilizohifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels, hazikupata bahati hiyo. Anaonekana mwanamke, anaonekana mwami, anaonekana kibarua wa shamba, lakini jina halipo. Familia inayopiga maelfu ya picha kwa simu bila kuandika jina hata moja inawawekea wajukuu wake akiba ya watu wasiojulikana, na safari hii hakuna mkoloni wa kulaumiwa.

Kuna pia sababu ya kutoziamini sana programu zenyewe: hufa. Picasa ilinunuliwa na Google mwaka 2004, ikagawiwa bure, ikaenea duniani kwa sababu ilikuwa nyepesi na mtu yeyote aliielewa kwa siku moja. Februari 2016 Google ikatangaza kuiacha, na Machi 15 mwaka huo huduma yake ikasimama. Waliokuwa wametumia miezi kutambulisha nyuso moja moja walikuta kazi hiyo imekaa zaidi kwenye hifadhidata ya Picasa. Apple nayo ilitangaza Juni 2014 kwamba inaachana na Aperture, programu ambayo wapiga picha wa kazi walikuwa wameilipia. Kampuni hizo ni tajiri, na hazikufanya kosa la kisheria lolote. Zilibadili mpango wa biashara tu, na albamu za watu zikayumba.

Adobe ilipita njia nyingine. Tangu mwaka 2013 matoleo mapya ya Photoshop yamekuwa yakitolewa kwa malipo ya kila mwezi au mwaka, na Lightroom ya kununua mara moja iliachwa mwaka 2017. Januari 2025 kampuni hiyo iliacha kuwauzia wateja wapya kifurushi cha picha cha dola 10 kwa mwezi. Kinachounganisha Photoshop na Lightroom Classic sasa ni dola 20 hivi, yaani 240 kwa mwaka. Programu hizi ni nzuri, hilo halina ubishi. Lakini zinahitaji kuingia mtandaoni mara kwa mara kuthibitisha leseni, na hata aliyelipia mwaka mzima huvumiliwa siku 99 tu bila intaneti. Malipo yakikatika, Lightroom Classic hufunguka bado na kuruhusu picha kutolewa, ila chumba chake cha kusafishia picha hufungwa. Mtu wa Pinga au Ntoto, anayetegemea paneli ya jua na mtandao unaokuja na kuondoka, hawezi kuijenga kumbukumbu ya ukoo wake juu ya leseni inayopiga simu California.

Studio nyingi zimelijibu tatizo la bei kwa Photoshop ya kreki, inayopita mkono kwa mkono kwenye flashi. Inaeleweka: kijana aliyejifunza kazi kwenye programu moja hutaka kuendelea nayo, na wateja wanasubiri picha za pasipoti mlangoni. Hata hivyo gharama yake ipo, imefichwa tu. Anayevunja ulinzi wa programu huifungua na kuibadilisha, na anayeipokea hana njia ya kujua nini kingine kimewekwa humo. Virusi vinavyofanya folda zionekane tupu, au vinavyofunga faili zote na kudai fidia, hupenda njia hiyohiyo. Mashine ya studio ndiyo inayopokea kadi za memori za mtaa mzima. Ikiugua, ugonjwa unarudi nyumbani na kila mteja.

Wengine watasema jibu ni rahisi: kila kitu kipandishwe kwenye hifadhi ya mtandaoni. Hoja hiyo ina nguvu na inastahili kusikilizwa. Nyiragongo ilipolipuka Januari 17, 2002, lava ilipita katikati ya Goma na kufunika maelfu ya nyumba; albamu zilizokuwamo hazikurudi. Laiti picha hizo zingekuwa na nakala katika nchi nyingine, zingekuwapo leo. Mwenye akaunti anayekimbia bila chochote anaweza kuingia kwenye simu ya kuazima huko Nakivale, Uganda, na kukuta picha za mama yake.

Lakini mlipuko uliofuata unaonyesha upande wa pili. Volkano ilipasuka tena Mei 22, 2021. Mei 27 gavana wa kijeshi aliamuru mitaa kumi ya Goma ihamwe, na umati mkubwa ukashika njia ya Sake, ndani ya Masisi. Siku tano baadaye, Juni 1, wakati wengi wao bado walikuwa wakilala madarasani na makanisani, Google Photos ilimaliza ofa yake ya kuhifadhi picha bila kikomo bure iliyokuwa imeanza Mei 2015. Tangu siku hiyo kila picha mpya inahesabiwa kwenye gigabaiti 15 ambazo picha hugawana na barua pepe. Mabadiliko hayo yalitangazwa miezi kabla, na hayakuhusiana na volkano. Yanaonyesha tu kwamba hifadhi ya mbali huwa na ratiba yake, na ratiba hiyo haiulizi mteja yuko wapi.

Kisha kuna suala la mega, yaani data ya intaneti. Picha moja ya simu ya kisasa ina megabaiti tatu hadi tano. Faili ghafi ya kamera ya pikseli milioni 24 hufika 25 au 30. Kupandisha harusi moja yenye picha 400 ni kazi ya mega nyingi mahali ambapo mega hununuliwa kidogo kidogo. Goma ilipochukuliwa mwishoni mwa Januari 2025, umeme, maji na intaneti vilikatika, na aliyekuwa na picha zake mtandaoni pekee hakuweza kuzifikia wakati ule ule alipozihitaji. Na anayeamua kuondoka Google Photos hupewa picha zake, lakini maelezo mengi huja kwenye faili nyingine ndogo ndogo zilizo nje ya picha, zinazohitaji utaalamu kuunganishwa tena. Hifadhi ya mtandaoni ifanywe nakala ya akiba. Nyumba ya picha iwe kwenye diski ambayo mwenyewe anaishika.

Kwa kazi ya kupanga, chaguo linalotimiza masharti yote manne ni digiKam. Ni programu huria, ilianza mwaka 2001, ni ya bure, na hufanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac. Inasoma folda kama zilivyo bila kuzihamisha. Inaruhusu lebo za ngazi: Masisi, ndani yake Mweso, ndani yake jina la parokia, au ukoo, ndani yake nyumba, ndani yake mtu. Tangu toleo la 7.0 la mwaka 2020 inatambua nyuso kwa mbinu za kisasa, na kazi hiyo hufanyika ndani ya mashine yenyewe, hakuna uso unaotumwa kwenye seva ya mtu. Ina menyu za Kifaransa, jambo la maana kwa watu waliosomea lugha hiyo. Ina pia sehemu ya kutengeneza picha nyingi kwa mkupuo: kupunguza ukubwa, kubadilisha majina, kuweka alama ya studio.

Inahitaji uangalifu katika mambo mawili. Mtumiaji aingie kwenye mipangilio ya taarifa za picha na kuhakikisha kwamba lebo, maelezo na majina ya nyuso yanaandikwa ndani ya faili, maana hapo ndipo faida yote ilipo. Na kabla ya kurudi kijijini apakue data ya kutambua nyuso, kwa kuwa programu huihitaji mara moja mwanzoni na ni mzigo mzito wa mega. Kazi ya kuzitafuta nyuso katika maelfu ya picha inaweza kuchukua saa nyingi kwenye kompyuta dhaifu. Iachwe ifanyike mchana jua likiwa kali, au jenereta ya jirani ikiwa inanguruma kwa sababu nyingine.

Uimara wa digiKam umepimwa msituni. Watafiti wa wanyama hufunga kamera kwenye miti, zikapiga picha zenyewe mnyama anapopita, na baada ya miezi hurudi na makumi ya maelfu ya picha zinazohitaji lebo za jina la mnyama na kituo. camtrapR, zana ya uchambuzi iliyotolewa mwaka 2016 kwa ajili ya kazi hiyo, inasoma moja kwa moja lebo zilizoandikwa kwa digiKam ndani ya picha. Walikale inaijua kazi ya namna hii: kamera za msituni zimetumika katika eneo la Nkuba, ambako Dian Fossey Gorilla Fund hushirikiana na wenyeji kulinda sokwe wakubwa wa nyanda za mashariki. Kinachomfaa mtafiti mwenye picha 50,000 za swala na sokwe kinaifaa familia yenye picha 5,000 za ubatizo, mahafali na matanga.

Mashine nyingi zinazouzwa Goma ni kuukuu, na digiKam inaweza kuzilemea. Kwa hizo ipo XnView MP, iliyotengenezwa na Mfaransa Pierre-Emmanuel Gougelet, ya bure kwa matumizi ya nyumbani. Ni nyepesi, hufungua aina nyingi mno za faili, na huweza kuandika maelezo ya IPTC. IrfanView, ya Irfan Škiljan, mzaliwa wa Jajce nchini Bosnia, ni nyepesi zaidi na ipo tangu 1996, ingawa yenyewe inafaa kutazama na kupunguza ukubwa kuliko kupanga. Na kwa kuwa Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 14, 2025, mwenye mashine isiyoweza kupokea Windows 11 anaweza kuweka Linux Mint bila kulipa chochote. DigiKam, GIMP na darktable zote hupatikana humo.

Kwa kusafisha picha, GIMP ndiyo mrithi wa haki wa Photoshop ya kreki. Ilianzishwa na wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, katikati ya miaka ya 1990, na toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025 likiwa na uwezo ambao watumiaji waliusubiri kwa miaka: marekebisho mengi hayaiharibu tena picha iliyo chini yake. Mfanyakazi wa studio atahitaji wiki chache kuzoea mahali pa vitufe. Mwenye kamera inayotoa faili ghafi ana darktable au RawTherapee, zote huria. Hizi haziigusi picha ya asili hata kidogo. Huandika hatua za marekebisho kwenye faili ndogo pembeni, na mwaka kesho mtu anaweza kuanza upya. Affinity nayo ilifanywa ya bure Oktoba 2025, baada ya kununuliwa na Canva mwaka uliotangulia, lakini inadai akaunti ya kampuni hiyo, na kwa hiyo haimwachi mtumiaji ajitegemee.

Kutoigusa picha ya asili ni kanuni, si anasa. Kila JPEG inapofunguliwa, ikarekebishwa na kuhifadhiwa upya, hupoteza kidogo cha ubora wake. WhatsApp huongeza madhara: hupunguza picha na kuondoa maandishi ya ndani, kisha faili humfikia mpokeaji na jina kama IMG-20250104-WA0003, ambalo tarehe yake ni ya siku ilipopokelewa. Picha ya matanga ya mwaka 2018 inaweza hivyo kuingia kwenye kumbukumbu ikiwa na umri wa juzi. Dawa ni ndogo: picha ya maana itumwe kama hati, na ile inayopokelewa kwa njia ya kawaida iandikwe tarehe yake ya kweli kwenye digiKam kabla watu hawajasahau.

Kuna jambo jingine ambalo wapiga picha wa Kivu wanapaswa kulishikilia kwa nguvu: rangi ya ngozi. Tangu miaka ya 1950 maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye mwanamke mweupe, na nyuso nyeusi zikawa zinatoka giza tupu au kijivu. Google ilitangaza marekebisho ya kamera zake kwa ngozi nyeusi mwaka 2021 tu. Hadi leo kitufe cha “boresha” kwenye programu nyingi huinua mwanga wa uso mpaka mtu wa Karuba afanane na mgonjwa. Programu inayofaa ni ile inayomwachia mtu mkono wake: mikunjo ya mwanga ya GIMP, au moduli ya darktable inayoinua vivuli peke yake bila kuchoma anga juu ya vilima. Studio inayong'arisha ngozi ya kila mteja inabadilisha sura za jamii nzima, picha moja baada ya nyingine.

Milima hii imeshabadilishwa rangi na wageni. Richard Mosse, mpiga picha kutoka Ireland, alitumia filamu ya Kodak Aerochrome, iliyobuniwa kwa upelelezi wa kijeshi, na kijani cha mashariki mwa Kongo kikatoka waridi. Kazi yake The Enclave ilionyeshwa Venice mwaka 2013 na kusifiwa dunia nzima. Ni sanaa, na ana haki yake. Lakini macho ya wenyeji nayo yamepata nafasi. Mwaka 2020 mradi wa Congo in Conversation, uliozaliwa na tuzo ya Carmignac aliyopewa Finbarr O'Reilly, uliwakusanya wapiga picha na waandishi wa Kikongo wakiwamo Arlette Bashizi, Moses Sawasawa, Guerchom Ndebo na Pamela Tulizo. Mwaka huohuo Tulizo, binti wa Goma, alishinda tuzo ya Dior ya vipaji vya vijana. Kazi za watu hawa zinatafutwa na wahariri kwa sababu zina maelezo kamili: nani, wapi, lini. Picha nzuri isiyo na maelezo haiwezi kuchapishwa na chumba cha habari kinachojiheshimu.

Hapa linaingia suala la usalama, na katika Masisi na Walikale halipaswi kuchukuliwa kwa wepesi. GPS iliyoandikwa ndani ya picha inaweza kumwonyesha mtu mbaya nyumba walikojificha wakimbizi au njia ya shamba. Lakini maandishi hayohayo yanaweza kumpeleka mhalifu gerezani. Septemba 2018 mahakama ya kijeshi ya Kivu Kusini iliwahukumu viongozi wawili wa waasi wa FDLR kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya binadamu uliofanyika Kamananga na Lumenje mwaka 2012, upande wa Kalehe unaopakana na Walikale. Kati ya ushahidi kulikuwa na picha zilizopigwa kwa eyeWitness to Atrocities, programu ya simu iliyoanzishwa mwaka 2015 na chama cha kimataifa cha mawakili, inayoandika mahali na wakati na kuonyesha kama faili imechezewa.

Kutoka humo inapatikana kanuni iliyo wazi. Picha ya asili ibaki na maandishi yake yote, kwenye diski iliyofungwa kwa nywila. VeraCrypt hufanya hivyo bure. Nakala ya kutuma au kubandika Facebook iondolewe mahali kwanza, na digiKam na XnView zote zinaweza kufanya hivyo kwa picha nyingi mara moja. Mtoto, shahidi, au mtu aliyebakwa asiandikwe jina kwenye picha inayotoka nje ya nyumba. Programu isiyomruhusu mwenye picha kuchagua nini kinabaki na nini kinaondolewa haifai kuwekwa kwenye kompyuta ya eneo la vita, hata ikiwa na vichujio vya kupendeza namna gani.

Baada ya kuchagua, linabaki suala la nakala. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh alieneza kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali. Huku “mbali” kuna maana pana kuliko mtaa wa pili. Mkulima wa Masisi hawezi kuweka mbegu zote za maharagwe kwenye ghala moja, na picha za ukoo zinahitaji busara hiyohiyo. Diski moja ikae na mwenye nyumba. Nyingine ikae kwa ndugu wa Bukavu au Kisangani. Flashi yenye picha chache muhimu kuliko zote, pamoja na diploma, hati za shamba na vyeti vya ubatizo vilivyopigwa picha vizuri, ikae tayari mlangoni. Kwa kuwa majina yameandikwa ndani ya faili, yeyote atakayeifungua, iwe Kampala au Louisville, atajua anamtazama nani, hata kama hana digiKam.

Hati hizo ni sehemu ya hoja, si nyongeza. Uchaguzi wa Desemba 20, 2023 haukufanyika Masisi kwa sababu ya vita, na uandikishaji wa wapiga kura uliotangulia haukufika huko. Katika nchi ambako kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho cha mtu wa kawaida, maelfu walibaki bila karatasi mpya yenye sura yao. Picha ya darasa yenye jina la shule na mwaka, picha ya kikao cha ukoo mbele ya shamba, picha ya cheti kilichoungua baadaye: hizi zinaweza kuwa kitu pekee ambacho mtu ataweka mezani siku atakapoulizwa alikotoka na kipi kilikuwa chake.

Kazi hii haiwezi kuachiwa kila nyumba peke yake. Shule na vyuo vya Goma vinavyofundisha kompyuta vinaweza kuacha kuwafundisha vijana Photoshop ya kreki na kuanza na GIMP na digiKam, programu ambazo mwanafunzi anaweza kurudi nazo kwao bila deni na bila virusi. Parokia na makanisa, ambayo tayari yana kompyuta na paneli, yanaweza kutenga alasiri moja ya Jumamosi kila mwezi ambapo wazee wanakaa mbele ya kioo na vijana wanaandika majina wanayotajiwa. Studio za Mweso, Rubaya, Mubi na Walikale-Centre zinaweza kubadili jambo moja katika biashara yao: kila mteja anapopewa picha zake kwenye flashi, faili ziwe tayari zimeandikwa jina lake, mahali na tarehe. Ni dakika mbili za kazi kwenye programu ya bure, na bei inaweza kubaki ileile.